Tuta lisisubiri msiba

Mwezi Novemba unapoingia na mvua kushika, sisi wa Bukoba na Muleba hatuhitaji kalenda. Senene hutuambia. Jioni wanaruka kuufuata mwanga, na chini ya kila taa ya barabarani utawakuta watoto na chupa zao na ndoo zao, macho juu, mikono juu, wakikimbia huku na huku. Ni furaha ambayo hata sisi wakubwa tunaikumbuka. Lakini siku hizi taa hizo zimesimama kando ya lami, na juu ya lami hiyo magari na pikipiki zinapita kwa mwendo ambao zamani haukuwapo. Mtoto anayemtazama senene hamtazami dereva. Swali langu la wiki hii ni hili: je, ni nani anayemtazama mtoto?

Jioni moja nilikuwa nimeketi barazani kwa bibi mmoja pale Hamugembe, hatua chache tu kutoka barabarani. Aliniambia hivi: "Mwanangu, lami tuliiomba wenyewe. Siku ilipofika tulipiga vigelegele. Lakini sasa duka lile la ng'ambo nalitazama kwa macho tu. Chumvi ikiisha, simtumi mjukuu. Nakwenda mwenyewe na mkongojo wangu, nikisimama hapa mpaka Mungu apitishe magari."

Maneno hayo nimeyabeba mpaka leo. Bibi huyu hailaani lami. Anatuuliza tu kwa nini kitu kilicholetwa kumnufaisha kimemgawia mtaa wake vipande viwili.

Ndugu msikilizaji, mji wetu wa Bukoba ni mzee. Ulianza kama kituo cha Wajerumani mwaka 1890, kilichofunguliwa na Emin Pasha kando ya Ziwa. Wakafuata wafanyabiashara na maduka yao, kisha mitaa ya wenyeji na wageni ikasongamana kuuzunguka mji. Mitaa hii ya karibu na katikati ya mji, kama vile Miembeni, Bilele na Hamugembe, ilipangwa na miguu ya watu. Nyumba zilitazama njia, baraza zikawa mahali pa kuzungumzia, na njia yenyewe ikawa uwanja wa watoto. Gari lililopita lilikuwa lori la kahawa, nalo lilisikika mbali kabla halijaonekana.

Leo mtaa ni ule ule, ila njia imebadilika. Dereva anayeshuka kutoka Rwamishenye kupitia Nyangoye anateremka kwa uzito wa gari lake kuelekea mjini. Bodaboda anayemuwahi abiria anatafuta njia ya mkato katikati ya nyumba. Wote wawili si watu wabaya. Wanafanya kile ambacho barabara inawaambia wafanye. Barabara pana, nyoofu na laini humwambia dereva: pita upesi. Kibao kidogo kando yake kinapomwambia apunguze mwendo, husikilizwa kama mtu anayenong'ona katikati ya ngoma.

Hapa naomba tufanye hesabu ndogo. Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 inaweka mwendo usiozidi kilomita 50 kwa saa kwenye maeneo ya makazi. Kwa mwendo huo gari linakwenda karibu mita 14 kila sekunde. Dereva mzima, asiyelewa wala kuongea na simu, huhitaji kama sekunde moja ya kuona hatari na kuukanyaga mguu kwenye breki. Maana yake ni kwamba mtoto akichomoka mita 14 mbele ya gari hilo, gari linamfikia kabla breki hazijaanza kushika. Lakini dereva yule yule akiwa kwenye kilomita 30 kwa saa, breki nzima na barabara kavu, atakuwa amesimama ndani ya mita 14 hizo hizo. Mtoto ataponea chupuchupu, atakaripiwa, na kesho atakwenda shule.

Kilomita 20 ndizo zinazotenganisha karipio na kilio. Ndiyo sababu mkutano wa mawaziri uliofanyika Stockholm, Sweden, mwezi Februari 2020, ulitaka mwendo usizidi kilomita 30 kwa saa mahali ambapo watu na magari huchanganyika, na Agosti mwaka huo Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa likaliridhia tamko hilo.

Wapo watakaosema kwamba kazi hiyo ni ya trafiki na tochi zao. Nawaheshimu sana askari wetu, lakini sote tunajua jinsi madereva wanavyowashiana taa kuambizana kuwa tochi iko mbele. Askari huondoka jua linapozama, na senene huja jua linapozama. Mlinzi asiyelala ni ile barabara yenyewe, ikijengwa vizuri.

Sasa tuzungumzie matuta, maana najua wapo wanaonuna wakilisikia neno hilo. Malalamiko yao yana haki ndani yake. Tuta lililojengwa ovyo, refu kama kichuguu, lisilo na rangi wala kibao, huvunja springi, humtesa mama mjamzito anayekimbizwa hospitali na humwangusha mwenye pikipiki gizani. Na wananchi wanaolundika udongo na mawe usiku kwa hasira huweza kuua mtu mwingine wakijaribu kuokoa wa kwao. Lakini kasoro za tuta baya si hoja dhidi ya tuta zuri. Tuta zuri ni pana, lina mgongo mlaini, limepakwa rangi inayoonekana usiku, na kibao chake kimetangulia ili dereva ajiandae. Bora zaidi ni kivuko kilichoinuliwa, ambacho mwenda kwa miguu anavuka juu yake na gari ndilo linalopanda kumfuata.

Aidha, tuta si dawa pekee. Kona ikibanwa, gari halikati kwa kasi. Nguzo fupi zikisimikwa mwanzoni mwa kichochoro, njia ya mkato inabaki ya miguu. Aliyewahi kutembea Mji Mkongwe wa Zanzibar, ulioingizwa kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2000, anajua ninachosema. Kwenye vichochoro vile gari haliwezi kupenya, na hata mwenye pikipiki hujikuta akipunguza mwendo na kupiga honi, kwa sababu kuta zimemkaribia na hajui ni nani atatokea mlangoni. Upana wa njia umefanya kazi ambayo vibao kumi visingeifanya.

Na tusidhani kuwa haya ni mambo ya fedha nyingi. Dar es Salaam, shirika la Amend lilikwenda kwenye shule za msingi zilizokuwa zikiumiza watoto barabarani. Likajenga njia za miguu, matuta, vivuko na nguzo za kuzuia magari, na penye nafasi lango la shule likahamishiwa upande usio na magari mengi. Utafiti ukaonyesha kuwa majeruhi walipungua, na mwaka 2019 mradi huo ukatunukiwa tuzo ya kimataifa ya miji. Huo ni ubunifu wa hapa hapa nyumbani, uliofanywa kwa saruji, rangi na akili.

Basi kwetu kinakosekana nini? Nadhani kinachokosekana ni wakati mwafaka. Katika nchi yetu tumezoea utaratibu mmoja wa kusikitisha. Mtoto anagongwa. Wananchi wanafunga barabara kwa mawe na magogo. Viongozi wanafika, maneno yanasemwa, na baada ya siku chache tuta linajengwa. Ukiona tuta mtaani, uliza historia yake. Mara nyingi jibu utakalopewa ni jina la mtu.

Tarehe 10 Septemba 2016 tetemeko la ardhi lilitupiga. Tulizika ndugu, na Hamugembe ilikuwa miongoni mwa mitaa iliyoumia sana. Baada ya hapo hakuna fundi aliyetuambia tujenge kwanza nyumba, halafu mihimili tuiweke ikishaanguka. Kila mtu alielewa kwamba usalama unaanzia kwenye msingi. Kwa nini barabara tuielewe vingine? Mchoro wa barabara inayopita kwenye makazi uwe na vivuko, njia za miguu na vizuizi vya mwendo tangu siku ya kwanza, kama ulivyo na mitaro ya maji.

Hapa kila mmoja ana lake. Barabara kuu na za mkoa ziko chini ya TANROADS. Za mitaani ziko chini ya TARURA, iliyoanza mwaka 2017. Wataalamu hao waje kwenye mikutano ya mitaa kabla ya kujenga, nasi tuhudhurie. Tusiulize tu lami itafika lini. Tuulize pia watoto watavukia wapi. Bibi yangu wa Hamugembe angejua pa kuonyesha kidole.

Na wenzetu wa Muleba hili linawahusu vilevile, kwani barabara kuu ya kutoka Mutukula kwenda Biharamulo inapita kwenye mji wao, na magari ya masafa marefu hayajui kuwa pale ni nyumbani kwa watu. Mji wao unakua, nao una nafasi ya kupanga mapema kile ambacho sisi wa Bukoba tunakitafuta kwa kuchelewa.

Kwako dereva, wakati taasisi zinajipanga, mguu ni wako. Ukiona taa na watoto chini yake, punguza mwendo. Utachelewa dakika moja kufika nyumbani, na mtoto wa mwenzako naye atafika kwao na senene wake.

Hadi wiki ijayo, nawatakieni usiku mwema.