Aliyeuza Shamba Aweza Lini Kukataa Kulitoa?

Ndugu wananchi wa Nakaloke,

Wako wanaopokea fedha za shamba kisha wakakataa kulitoa. Sheria humpa udhuru aliyetishwa au kudanganywa alipotia sahihi. Haimpi aliyepata mnunuzi wa bei kubwa zaidi.

Tena, kwa Sheria ya Ardhi ya 1998, kuuza ardhi ya familia bila idhini ya maandishi ya mke au mume ni batili. Mnunuzi asiyejua kasoro hiyo hapati shamba, ila ana haki ya kumdai muuzaji fedha zake.

Basi twawasihi: kabla ya kulipa, mwulizeni mwenzi wa muuzaji. Mkataba huamuliwa na mahakama, si panga. Vitisho na ulaghai tuleteeni sisi polisi.