Habari Ianze Wapi?

Mazungumzo ya Ofisa Elimu ya Watu Wazima kwa wahitimu wa kisomo

Ndugu zangu wahitimu, wazee wetu, akina mama na akina baba, asalaam aleikum, na hamjambo nyote.

Mmeona nimeanza kwa salaamu. Kama ningekuwa ninaandika taarifa ya utafiti kwa wakubwa wa chuo kikuu, salaamu hii ingefutwa kwa kalamu nyekundu. Leo tuzungumze juu ya jambo hilo hilo: habari iliyoandikwa ianze wapi, na kiini chake kikae wapi. Herufi mmekwisha kuzijua. Lakini kujua herufi ni kitu kimoja, na kujua mpango wa maandishi ni kitu kingine.

Kwetu Tanga jambo hili si la mchezo, maana watafiti ni wageni wetu wa siku nyingi. Wajerumani walianzisha kituo cha utafiti wa mimea na kilimo pale Amani, milima ya Usambara, mwaka 1902. Mlingano wamechunguza mkonge na udongo. Watu wa malaria nao wametutoboa vidole miaka mingi. Mgeni anakuja, anauliza, anaandika, anaondoka. Karatasi inabaki ikisema juu yetu. Afadhali tujue imepangwaje.

Tuanze na mpango wa Waingereza, kwa sababu ndio ulioenea katika vyuo vingi duniani. Mwaka 1990 mtaalamu mmoja Mwingereza, John Swales, alitoa kitabu kinachoeleza jinsi makala za utafiti za Kiingereza zinavyofunguliwa. Aliona kuna hatua tatu. Kwanza mwandishi anaonyesha eneo: jambo hili ni kubwa, na fulani na fulani wamekwisha kuliandika. Pili anaonyesha pengo: lakini hapa hapajaguswa, au hapa waliotangulia hawakufika. Tatu anaingia yeye mwenyewe: nimekuja kuliziba pengo hilo.

Ukitazama vizuri, ni kama mtu anayeomba shamba kijijini. Anasema, pori la huku ni zuri, na mzee fulani analima kule, na mwenzake analima pale. Kisha anasema, lakini kipande hiki cha kati hakina mtu. Kisha anaomba akate miti. Baada ya mlango huo, mengine ni mepesi kufuata: alifanyaje kazi yake, alikuta nini, na maana yake ni nini.

Sasa tuwatazame Waajemi, yaani watu wa Iran. Hao si wageni vinywani mwetu. Tunaposema bandari, nahodha, serikali, tunatumia maneno yenye asili ya Kiajemi. Na wazee wengi wa pwani yetu husema asili yao ni Shirazi, mji wa huko. Mtu wa Shirazi aliye maarufu kuliko wengi, mshairi Saadi, alipomaliza kitabu chake Gulistan mwaka 1258, hakukifungua kwa kuonyesha pengo. Alianza kwa kumsifu Mungu, akaja kwa Mtume na kwa mtawala, ndipo akaeleza sababu ya kukitunga. Adabu kwanza, shughuli baadaye.

Mtasema, hayo ni ya kale. Kweli. Lakini wataalamu wa lugha wa Iran wamelinganisha makala za utafiti za siku hizi, za Kiajemi na za Kiingereza. Baadhi yao wameona kwamba mwandishi wa Kiajemi hueleza eneo bila shida, ila akifika kwenye pengo huwa mpole, na pengine huruka hatua hiyo kabisa. Si kwamba hajui kufikiri. Kumwambia mwenzako mbele ya watu kwamba kazi yake ina upungufu ni jambo zito katika adabu ya kule. Tena si wote. Wengi wanaoandika kwa ajili ya majarida ya Ulaya na Marekani wamekwisha kujifunza kuonyesha pengo kama Waingereza.

Haya, na sisi je? Tazameni waraka wa wazee wetu, ule wa herufi za Kiarabu. Unaanza kwa jina la Mungu. Linafuata jina la anayeandikiwa, pamoja na sifa zake na heshima zake. Zinafuata salaamu, na habari za afya ya waliopo. Ndipo linakuja neno "ama baada", na hapo ndipo jambo lenyewe linapotokea. Msomaji wa zamani alijua. Mwenye haraka alitafuta "ama baada" kwa jicho, akaanzia hapo. Kwa hiyo mpango ulikuwapo, na alama ya njia ilikuwapo.

Tunao mfano mzuri zaidi, na ni wa mkoa wetu wenyewe. Kuna vitabu viwili juu ya jambo moja, ufalme wa Wakilindi wa Usambara. Cha kwanza ni Habari za Wakilindi, cha Abdallah bin Hemedi Ajjemy. Kilipigwa chapa kwa sehemu na wamisionari wa Magila, huko Muheza, kati ya mwaka 1895 na 1907, kikatolewa tena mwaka 1962. Jina Ajjemy maana yake ni Mwajemi, ila yeye aliandika Kiswahili, na Kiswahili kizuri sana. Cha pili ni cha Mmarekani Steven Feierman, juu ya historia ya ufalme wa Washambaa. Kilitoka mwaka 1974, kwa Kiingereza.

Abdallah anakushika mkono na kukupeleka moja kwa moja kwa Mbega huko Ngulu. Mbega aliota meno ya juu kwanza, akahesabiwa kigego, akanyimwa urithi wa ndugu zake. Akawa mwindaji wa nguruwe, akakimbia, akapanda milima, akagawa nyama kwa watu, akaua simba, akatawala Vuga. Huulizwi kitu. Unasikiliza tu, kama mbele ya babu jioni.

Feierman hakufanya hivyo. Yeye anaanza kwa kueleza anachotafuta na njia aliyopita kukitafuta. Hadithi ya Mbega anaiweka mezani kama fundi anavyoiweka saa, anaifungua. Analinganisha masimulizi mbalimbali ya hadithi ile ile. Anauliza, kwa nini mwindaji anatoa nyama, na wakulima wanampa chakula cha shamba? Anataja na wazee waliomsimulia.

Kipi ni bora? Mimi nikitaka kumpenda Mbega, nasoma Abdallah. Nikitaka kujua nani kasema nini, nasoma Feierman. Abdallah mara nyingi hasemi habari kaipata kwa nani, na yeye mwenyewe alikuwa karibu na Semboja, mtawala wa Mazinde. Msomaji asiyejua hilo atadhani kila neno limetoka katikati ya mzani. Kwa upande wa pili, mpango wa Feierman unamchosha mtu anayetaka hadithi, na tena kitabu chake kiko katika lugha ambayo wazee waliomsimulia wengi wasingeweza kuisoma. Hilo kwangu ni kubwa kuliko suala la nani alianza na nini.

Sasa tuje kwenye kazi ya mikono yetu. Tuseme pampu ya kisima imekufa, na kijiji kinamwandikia mkurugenzi wa halmashauri. Mmoja wetu anaandika salaamu, anaulizia afya ya mkurugenzi, anaeleza mvua za masika, anaeleza jinsi kisima kilivyochimbwa, na mwisho kabisa, chini ya ukurasa wa pili: tunaomba fundi. Karani wa ofisini amefundishwa ule mpango mwingine. Anasoma mistari mitatu ya juu, haoni ombi, anaiweka barua upande. Hakuna aliyekosa adabu hapo. Ni mipango miwili imepishana njiani.

Dawa ipo, na wala si lazima kuwatupa wazee. Ofisini kuna mstari unaoanza na "Yah:", yaani yahusu. Andika hapo: Yah: Ombi la fundi wa pampu ya kisima. Mstari huo ndio "ama baada" yetu ya siku hizi, ila umepanda juu ya ukurasa. Chini yake andika pampu ilikufa tarehe ngapi, kaya ngapi zinaitegemea, akina mama wanakwenda umbali gani, na nyinyi wenyewe mmechanga kiasi gani. Salaamu weka, lakini mstari mmoja unatosha.

Na karatasi za watafiti je? Hapo jicho lenu liende kwenye pengo. Tafuteni sentensi inayosema "hakuna aliyechunguza" au "haijulikani". Kisha ulizeni: haijulikani kwa nani? Pengine mwandishi ana haki, hakuna aliyepima. Pengine bibi mmoja wa Pangani anajua tangu utoto wake ni mti gani unafukuza mbu, ila hajaandikwa. Mwandishi anayesema "hakuna aliyeandika" anasema kweli. Anayesema "hakuna anayejua" amelima shamba la mtu.

Kwa hiyo mtafiti akija kwa mwenyekiti wenu na barua yake ya kibali, mpokeeni vizuri, kisha ombeni mambo mawili. Kwanza, awaachie utangulizi na matokeo kwa Kiswahili, hata kurasa mbili. Pili, awaonyeshe mahali alipoandika pengo, na asomewe jibu la kijiji kabla hajaondoka. Katibu wa darasa aliandike jibu hilo kwenye daftari, na tarehe, na majina ya waliosema kwa ridhaa yao.