Tairi Gani kwa Pikapu ya Kikundi?

Pikapu ya kikundi ni jasho la wote. Ndiyo hubeba maparachichi, simiti, na hata mgonjwa usiku. Basi tusichague tairi kwa bei peke yake.

Kwanza tujiulize, gari hupita wapi? Likipita lami tu, tairi za kawaida zatosha. Hazina kelele na hazimalizi mafuta. Lakini hapa milima ya Mbooni, mvua ya Aprili na Novemba hufanya barabara ya udongo iteleze kama sabuni. Tairi za njia zote, zenye meno makubwa yaliyoachana, hushika vizuri zaidi. Zile za matope matupu msizikimbilie: kwa lami huisha upesi.

Pili, someni ubavu wa tairi. Namba 106 maana yake tairi moja yaweza kubeba kilo 950. 104 ni kilo 900. Maandishi ya DOT yakiishia 2324, ilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2024. Tairi iliyozeeka hukauka na kupasuka hata kama meno bado yapo.

Kwa hivyo mweka hazina asiende dukani peke yake. Aende na dereva, wasome pamoja kabla ya kulipa.

Mwisho, pimeni upepo asubuhi tairi zikiwa baridi, na mzigo usizidi. Hata tairi njema haishindi mteremko kwa mwendo wa kasi.