Damu Inayofichika Tumboni mwa Mjamzito
Damu inayovuja ndani ya tumbo la mjamzito huenda isionekane ukeni hata tone, huku shinikizo la damu likishuka. Mimba iliyotunga nje ya kizazi hufikiriwa kwanza, na ni sawa. Vyanzo adimu ndivyo vinavyopotosha: mimba katika pembe isiyokomaa ya kizazi, kondo lililotoboa ukuta wake, ini lililopasuka kwa mwenye kifafa cha mimba, au mshipa wa wengu uliovimba. Huo wa mwisho ni mjanja. Hupasuka zaidi katika miezi mitatu ya mwisho, na damu yaweza kuzuiliwa kwa muda nyuma ya tumbo la chakula, mama akapata nafuu ya uongo kabla haijamwagika.

Ili kuitafuta damu hiyo, ultrasaundi hufanyika kitandani, bila mionzi. Mpimaji hutazama kati ya ini na figo ya kulia, kandokando ya wengu na nyuma ya kizazi. Damu isiyoganda huonekana nyeusi. Iliyoganda huwa ya kijivu, na ni rahisi kuidhania nyama. Kipimo huonyesha damu vizuri kuliko mahali inapotoka, na kisipoona kitu hakiondoi shaka. Anayezidiwa hupelekwa upasuaji moja kwa moja, chanzo kikatafutwa humo.