Insha ya Kununua

Zamani mwakenya ilikuwa karatasi ya kuibia mtihani, iliyokunjwa ikafichwa ndani ya soksi. Leo udanganyifu wa chuo kikuu umekuwa biashara ya kuvuka mipaka, na Nairobi ni kitovu chake kimojawapo. Wahitimu waliokosa ajira hukesha wakiwaandikia wanafunzi wa Marekani na Uingereza insha, hata tasnifu, kwa malipo ya dola kwa kila ukurasa.

Mnunuzi hujitetea: karo ni ghali, muda haupo, na wenzangu wanafanya. Mhadhiri hulaani hadharani, lakini faraghani wengi hufumba macho. Kuthibitisha kosa ni kazi ndefu, na rundo la kusahihisha linamsubiri mezani.

Australia ilipiga marufuku huduma hizi kwa sheria mwaka 2020, England ikafuata 2022. Sheria hizo humlenga muuzaji, si mwanafunzi. Na muuzaji akiwa Nairobi, mkono wa mahakama ya London haumfikii kwa urahisi.

Msikilizaji, dawa ya karibu ni mtihani wa mdomo. Mhadhiri amwite mwanafunzi, amwulize kwa nini ameandika alichoandika. Mwenye kazi atajibu, aliyenunua ataumbuka.