Aliyefaulu Asikwame Mlangoni mwa Chuo

Mada kwa viongozi wa jumuiya ndogo ndogo, Mwanjelwa, Mbeya



Ndugu wapendwa, sisi wa Tume ya Haki na Amani tunapenda kuzungumza nanyi juu ya kijana aliyefaulu vizuri kidato cha sita, ilhali kwao ni maskini. Mnamfahamu: mama yake huuza ndizi au viazi sokoni Mwanjelwa, ama baba yake husukuma mkokoteni. Matokeo yakitoka, jumuiya nzima hushangilia. Chuo kikifunguliwa, naye yungali nyumbani.

Katika waraka wake Pacem in Terris wa mwaka 1963, Baba Mtakatifu Yohane XXIII alifundisha kwamba wenye vipaji wafunguliwe njia ya masomo ya juu. Kwa hiyo jambo hili ni la haki, si la huruma peke yake.

Serikali imefungua milango kadhaa. Sheria Na. 9 ya 2004 iliunda Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, nayo ikaanza kazi 2005. Ada katika sekondari za umma ilifutwa hadi kidato cha nne kuanzia 2016, na kwa kidato cha tano na sita mwaka 2022. Mwaka huo huo ulianza ufadhili wa Samia kwa waliofaulu sana masomo ya sayansi.

Hata hivyo, makaratasi yaweza kumkwamisha mtu mlangoni. Mwombaji wa mkopo hutakiwa kuwa na cheti cha kuzaliwa kilichohakikiwa na RITA. Yatima hutakiwa kuleta cheti cha kifo cha mzazi. Anayetoka kaya ya TASAF hana budi kuthibitisha hivyo. Fomu husainiwa na mdhamini, na uongozi wa mtaa, na wakili au hakimu. Ada ya maombi katika miaka ya karibuni imekuwa shilingi 30,000. Maombi yenyewe hutumwa kwa mtandao, ndani ya muda mfupi.

Tutafakari jambo hili. Mtoto wa mwenye nacho hana umaskini wa kuthibitisha. Yatima ndiye anayedaiwa vyeti vingi zaidi, naye ndiye asiye na mtu wa kumfuatilia. Kwa kuwa mkopo hupangwa kwa kuangalia uhitaji uliothibitishwa, uyatima usio na cheti ni kama haupo.

Kwa hiyo tunapendekeza haya:

Kwanza, kila jumuiya iwaorodheshe vijana wake tangu kidato cha tano na kukagua vyeti vyao. Asiye na cheti cha kuzaliwa asaidiwe kujiandikisha mapema. Cheti cha ubatizo hakichukui nafasi ya kile cha Serikali, lakini ni kielelezo kinachosaidia kukipata; basi ofisi ya parokia ifungue madaftari yake bila kumzungusha mtu.

Pili, tunapozika tusiishie kwenye rambirambi. Tuhakikishe kifo kimeandikishwa na cheti kimehifadhiwa. Hilo nalo ni tendo la huruma kwa watoto walioachwa.

Tatu, walimu, makarani na wanasheria waliomo kati yetu watoe saa chache msimu wa maombi kuwajazia vijana fomu. Jumuiya ichange ada na nauli kwa asiyeweza, bila kuuliza dini yake.

Nne, waamini walio viongozi wa mtaa wasiuze sahihi zao. Kadhalika wasimwandikie umaskini mtoto wa tajiri. Fedha za mkopo zina kikomo. Anayejipenyeza kwa uongo huchukua nafasi ya mwenye haki.

Tano, tuliosoma kwa mkopo tulipe. Sheria humkata mwajiriwa asilimia 15 ya mshahara wa msingi, lakini aliyejiajiri naye anadaiwa. Fedha inayorudi ndiyo inayomkopesha mdogo wetu anayefuata. Anayekwepa deni hili asidhani ameikomoa Serikali. Amemfungia mlango mtoto wa jirani yake.

Ndugu zetu, hatuombi parokia ijenge chuo. Tunaomba kila jumuiya, itakapokutana juma lijalo, itaje majina ya vijana wake na kumchagua mmoja wa kuwafuatilia.