Tuliyoyaona Ugenini: Kitwe, Karonga na Sanduku Letu

(Hotuba ya mwanachama mwanzilishi katika sherehe ya kutimiza miaka kumi ya kikundi)



Namshukuru Mungu aliyetufikisha mwaka wa kumi. Kamati imeniomba niseme kidogo juu ya maisha ya ugenini, kwa vile mimi ni mmoja wa wale wachache waliobaki humu ndani ambao walikaa Zambia na baadaye wakafanya biashara Malawi. Najua kwa nini nimeombwa leo. Mchana huu tutapiga kura juu ya binti zetu wawili wanaojiandaa kwenda Omani kufanya kazi za nyumbani. Kanuni yetu inasema anayekosa mikutano mitatu mfululizo anafutwa. Wengine wanataka kanuni ifuatwe hivyo hivyo. Basi nisikilizeni kwanza, halafu mtaamua wenyewe.

Akina mama, safari si kitu kigeni hapa kwetu. Wazee wetu walikwenda kuchimba dhahabu Lupa, kule Chunya, tangu miaka ya 1930. Wengine walichukuliwa na Wenela kwenda migodi ya Afrika Kusini, mpaka serikali yetu ilipoufunga mlango huo baada ya Uhuru wa 1961. Wengi zaidi walikwenda kwenye migodi ya shaba ya Rhodesia ya Kaskazini, ambayo tangu tarehe 24 Oktoba 1964 inaitwa Zambia. Ukifika Kitwe, Mufulira au Luanshya siku zile, hukosi kusikia Kinyakyusa sokoni.

Mimi nilikwenda mwaka 1968, nikiwa bibi harusi wa miezi michache. Mume wangu alikuwa tayari mgodini. Kutoka hapa tulipanda gari mpaka Tukuyu, Mbeya, hadi Tunduma. Kutoka Tunduma kwenda mbele ndiko kulikokuwa na kazi. Rhodesia ya Kusini ilikuwa imejitangazia uhuru wa walowezi Novemba 1965, na mafuta ya Zambia yakawa yanapita njia yetu hii kwa malori. Barabara ilikuwa ya udongo, imechimbika, masika ni tope tupu. Tuliyaona malori yamelala ubavu porini.

Tulikaa Wusakile, mtaa wa wachimbaji. Nyumba ilikuwa ya mwajiri, na mshahara ulikuwa wa mwanaume. Mwisho wa mwezi ukifika mtaa mzima unachangamka, wiki ya tatu unanyamaza. Mwanamke asiye na senti yake hapo anaomba hadi chumvi. Nikaanza kukaanga vitumbua alfajiri, wanaume wa zamu ya usiku wakitoka wananikuta njiani. Kibemba nilijifunza hapo hapo, kwa kudai madeni!

Huko ndiko nilikoona chilimba. Ni kama mchezo wetu wa kupeana: mnakusanya kila mwisho wa mwezi, anapewa mmoja, mwezi ujao mwingine. Tulikuwa wanawake wanane, Wabemba, Wanyakyusa, na mmoja kutoka Nyasalandi ya zamani. Hatukuwa na kabila moja wala kanisa moja. Kilichotuunganisha ni kwamba kila mmoja alijua mlango wa mwenzake. Zamu yangu ya kwanza nilinunua cherehani.

Sasa sikilizeni mambo matatu niliyoyaona, maana ndiyo yanayohusu kura yetu.

La kwanza ni kifo. Usiku wa tarehe 25 Septemba 1970, mgodini Mufulira, tope la mabaki ya mgodi liliporomoka kutoka juu likaingia chini walikokuwa watu. Walikufa wachimbaji 89. Siku hiyo Kitwe nzima ilinyamaza, kila mke akisubiri mumewe apande juu. Mimi sikufiwa. Lakini mwaka uliofuata jirani yangu alifiwa na mumewe kwa maradhi, na ndugu wa marehemu walifika kabla matanga hayajaisha. Walichukua redio, baiskeli, vitanda, hata masufuria. Hakuwa na karatasi yoyote yenye jina lake. Kitu pekee ambacho hawakukigusa ni zamu yake ya chilimba, kwa sababu sisi saba tulisimama mlangoni tukasema hii ni hela ya mwenzetu. Kwa hiyo nauli ya kurudi kwao na watoto wanne ilipatikana.

La pili ni hela ya kutuma nyumbani. Wakati ule hakuna simu ya kutumia pesa. Unamkabidhi mtu anayekwenda likizo, unaomba Mungu. Mama yangu hapa alipokea mara nyingi, akanunua ng'ombe. Lakini mtu mmoja, simtaji na amekwisha fariki, alibeba hela ya miezi mitano hakuifikisha. Alisema eti ilipotea Tunduma. Hakukuwa na daftari wala shahidi, na kesi ikaishia hapo. Ndiyo maana mnaniona mkali humu kila hisa ikihesabiwa. Ihesabiwe kwa sauti, mbele ya wote, na iandikwe.

La tatu ni thamani ya noti. Kwacha ya Zambia ilianza mwaka huo huo niliofika, 1968, na ilikuwa na nguvu. Kisha bei ya shaba ikaanguka katikati ya miaka ya 1970 na maisha yakabadilika. Mume wangu alistaafu 1978. Tulirudi kwa treni ya TAZARA, ambayo ilikuwa imeanza kazi juzi tu, 1976: kilomita 1,860 kutoka Kapiri Mposhi mpaka Dar es Salaam, sisi tukashukia Mbeya. Kiinua mgongo tulikigeuza mabati, ng'ombe na shamba la mpunga haraka haraka. Tuliowaacha huko wengine walifungia noti sandukuni wakingoja kurudi. Noti hizo zililiwa na bei kupanda, na mwaka 2013 Zambia yenyewe ilifuta sifuri tatu: kwacha 1,000 ikawa kwacha 1. Jamani, hela iliyolala inapungua. Hela inayokopeshwa na kurudi na riba kidogo, kama yetu, angalau inatembea.

Tuliporudi, nchi yetu ilikuwa na shida. Vita vya Kagera, kisha maduka matupu. Sabuni hakuna, sukari hakuna. Wanawake wa huku tukavuka Songwe kwenda Karonga na mchele wetu. Lugha haikutushinda, maana Kingonde na Kinyakyusa ni watoto wa mama mmoja. Na mto wenyewe mnaujua, masika unahama, shamba la mtu linalala Tanzania linaamkia Malawi. Lakini sheria zilikuwa za wenyewe. Wakati wa Dokta Banda, mwanamke haruhusiwi suruali wala sketi fupi, na sokoni unaweza kuulizwa kadi ya chama. Tulijifunga vitenge hadi kwenye vifundo vya miguu, tukauza, tukarudi. Siku hizi akina mama wenzetu wa kule wana vikundi kama hiki, wanaviita banki mkhonde, yaani benki ya barazani.

Ndugu zangu, nimesema yote hayo ili niseme hili. Anayesafiri ndiye anayehitaji kikundi kuliko sisi tuliokaa. Huko Omani binti atakuwa ndani ya nyumba ya mtu, hana wanawake saba wa kusimama mlangoni. Tukimfuta, tumemkata kamba aliyofungiwa pwani. Nasikia mwenzangu mmoja anasema asiyehudhuria atatuletea uvivu. Ni kweli mkutano ndio uhai wetu. Lakini anayeleta hisa yake kutoka mbali huwezi kumwita mvivu.

Kwa hiyo napendekeza. Kwanza, msafiri abaki mwanachama, hisa aitume kwa simu, na mtu mmoja aliyemteua mwenyewe ahudhurie na kusaini. Pili, kabla hajaondoka, daftari liandikwe jina la mrithi wa hisa zake, na Katibu abaki na nakala ya pasipoti, mkataba wa kazi na anwani ya mwajiri. Asiye na mkataba tumshauri asiende. Tatu, mkopo wa nauli usizidi hisa zake, na shamba la mpunga la familia lisiwekwe rehani kwa ajili ya safari. Mtu anaweza kurudi mikono mitupu, na akirudi lazima akute pa kulima.

Sanduku letu lina kufuli tatu na funguo ziko kwa watu watatu. Linatosha kumtunzia mtu aliye mbali. Ndugu Mwenyekiti, hoja iko mezani.